Sauti za Busara: tatizo si kiingilio, ni safari ya kurudi nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanyika Mji Mkongwe kila Februari tangu 2004, isipokuwa 2016. Msimu ukikaribia husikika hoja zilezile, barazani na redioni. Kwamba kiingilio kina ubaguzi, bei iwe moja kwa wote. Kwamba wasanii wanaoletwa hatuwajui, waletwe nyota wa bongo fleva waimbe na CD, watu watajaa. Na kwamba Ngome Kongwe, linakofanyika, imekuwa ndogo, tamasha lihamie Uwanja wa Amaan. Wanaosema hivyo si wajinga, na hoja zao hazistahili kubezwa. Lakini zinakuna pasipowasha. Sisi tunaofanya kazi za jukwaani, za waya, spika na jenereta, tunaiona hesabu ambayo mtazamaji haioni, na ninaomba isomwe kabla hatujaharibu kilichopo.

Nianze na kiingilio. Bei zimegawanywa kwa madaraja: Mtanzania analipa kidogo, Mwafrika wa nchi nyingine analipa zaidi, mgeni wa nje ya Afrika analipa kuliko wote. Anayelalamikia utaratibu huu mara nyingi ni mgeni. La ajabu ni Mzanzibari anayemsaidia kulalamika. Chukua tarakimu za mfano tu. Watu 100 wamekaa uwanjani, 60 wenyeji waliolipa shilingi 10,000 kila mmoja, na 40 wageni waliolipa 100,000. Jumla ni shilingi 4,600,000. Ukitaka kupata fedha hizohizo kwa bei moja, kila mtu atalipa 46,000. Mgeni atakuwa amepunguziwa zaidi ya nusu, mwenyeji ameongezewa zaidi ya mara nne, na baada ya mwaka mmoja hutamwona mwenyeji. Bei moja inaonekana ya haki hadi uipigie hesabu.

Kasoro ya kweli ya madaraja iko mlangoni. Bei tofauti maana yake ni kukagua vitambulisho, na ukaguzi ni muda. Mtu mmoja akichukua sekunde 20 kuonyesha tiketi na kitambulisho kisha kuvalishwa ukanda wa mkononi, meza moja inapitisha watu 180 kwa saa. Watu 1,500 kwa meza moja ni zaidi ya saa 8. Kwa meza 4 ni kama saa 2. Hiyo ni hesabu ya siku njema. Anapotokea mmoja aliyeacha kitambulisho nyumbani akaanza kubishana kuwa yeye ni wa Kwahani, meza inasimama na walioko nyuma wanasukumana. Dawa yake haina gharama kubwa: kuwe na meza ya pembeni kwa ajili ya wenye matatizo, ili foleni isiwangoje wao, na ukanda wa mkononi utolewe tangu asubuhi, wakati Ngome bado tupu. Na wewe unayekwenda, chukua ukanda wako kabla ya saa 8 mchana. Kinachojaza mlango ni watu wote kufika pamoja baada ya Isha.

Sasa tuje kwa mwenyeji, maana ndiye tunayedai kumtetea. Kijana wa Bububu anakuja mjini kwa daladala ya 502 kwa shilingi mia chache. Muziki unaanza alasiri, bendi kubwa zinapanda usiku, na onyesho la mwisho linaisha mnamo saa 7 usiku. Saa hiyo hakuna daladala. Imebaki teksi au bodaboda, kwa bei ya maelewano, na maelewano ya usiku wa manane anayeyashinda ni dereva. Mara nyingi nauli ya kurudi inazidi kiingilio. Kwa mwanamke aliyekuja na dada yake hata bei si hoja tena, hapandi bodaboda saa 7 usiku hadi Fuoni. Kwa hiyo anaondoka saa 3, kabla ya ile bendi aliyoisikia redioni, na mwaka unaofuata haji kabisa. Kisha tunasema amefukuzwa na kiingilio.

Pendekezo letu ni dogo na linahesabika. Tuwe na njia 3: ya Bububu, ya uwanja wa ndege inayokwenda 505, na ya Mwanakwerekwe hadi Fuoni. Kila njia iwe na magari 2 aina ya Coaster yenye viti 28, na kila gari litoke mara 2, saa 5 usiku na saa 7 na robo. Hizo ni safari 12, viti 336 kwa usiku mmoja, kwa magari 6 tu, kwa sababu gari lililotoka saa 5 limesharudi mjini kabla ya saa 7. Magari yasisimame Forodhani, barabara ni nyembamba na watu wamejaa vyakula mikononi. Yangoje Malindi, ambako mtu anafika kwa miguu kwa kufuata Barabara ya Mizingani, penye taa na watu. Kituo kisiwe Darajani, kwa sababu kufika huko ni kukata vichochoro usiku, na mgeni wa vichochoro hivyo atazunguka nusu saa akirudi alikotoka.

Jambo moja litaharibu mpango huu kama halikuangaliwa tangu mwanzo. Dereva akilipwa kwa kichwa, ataondoka gari likijaa, hata ikiwa saa 4 na nusu, au atangoja lijae hata saa 8. Alipwe kwa usiku mzima, gari lijae lisijae, na nauli iuzwe pamoja na tiketi ya tamasha, ili konda asianze kudai pesa usiku wa manane. Fedha zinaweza kutoka kwa mdhamini mmoja anayetaka jina lake libandikwe ubavuni mwa Coaster. Tangazo la aina hiyo linaonekana zaidi kuliko kitambaa kinachoning'inia nyuma ya mpiga ngoma.

Anayetoka Bara ana kikwazo kingine. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam inachukua kama saa 2, na kwa ratiba ya kawaida ya mwisho kurudi Dar inaondoka mnamo saa 10 jioni. Muziki mkubwa ni usiku. Hivyo kila usiku wa tamasha ni kitanda cha kulipia. Huwezi kuja ukasikiliza ukarudi kulala kwako. Na Februari ndio msimu wa wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya, bei za vyumba ziko juu kabla hata tamasha halijatajwa. Atafutaye nafuu asiangalie Shangani wala Forodhani. Aangalie Michenzani, Kikwajuni na upande wote wa Ng'ambo, mwendo wa dakika 20 kwa miguu, na achukue chumba kabla ya Disemba. Avumilie pia bahari: Februari ni kaskazi, upepo unavuma, boti inarukaruka. Mwenye tumbo jepesi akae katikati ya boti, sitaha ya chini, na asile chipsi mayai kabla ya kupanda.

Mgeni wa ng'ambo yeye anahesabu kwa dola. Viza ni dola 50 kwa wengi wao, 100 kwa Mmarekani. Bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, ni dola 44. Boti daraja la kawaida ni dola 35. Hizo ni dola 129 kabla ya ndege, kitanda na tiketi, na bado hajarudi Dar. Simhurumii kupita kiasi, lakini waandaaji wanapopanga bei ya mgeni wajue kuwa mfuko wake umeshachovywa mara tatu kabla hajafika mlangoni. Dari ya bei ipo, na imekaribia.

Hoja ya pili ndiyo inayotuuma zaidi sisi wa jukwaani: kwamba muziki wa moja kwa moja ni gharama bure, waletwe waimbaji na CD. Tangu mwanzo Sauti za Busara imeshikilia kuwa kila kinachosikika jukwaani kipigwe na kuimbwa palepale. Naomba msomaji aione tofauti kwa maiki.

Mwimbaji wa CD anahitaji mistari 3: maiki yake, na kushoto na kulia kwa ajili ya muziki uliokwisha rekodiwa. Dakika 5 zinatosha kumjaribu. Sasa lipandishe kundi la taarab la kawaida. Fidla 4, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) 1, udi 1, nai 1, besi 1. Kodiani inataka maiki 2, kwa sababu upande wa vitufe na upande wa vinanda havitoki sauti sawa. Ala za kugonga, yaani bongo, dumbak na rika, moja moja. Waitikiaji maiki 3, mwimbaji 1. Jumla 17. Kila moja ina waya wake, kimo chake, na mtu anayesema "zaidi kidogo kwenye monita yangu", yaani spika inayomwelekea yeye. Ukiipa kila moja dakika moja na nusu, zimekwenda dakika 25 na wimbo haujaanza. Saundi cheki, yaani jaribio la sauti, ya kundi kama hilo ni saa nzima, na kwa bendi 7 za usiku mmoja ni saa 7, zinazoanza asubuhi na kupita katikati ya joto la nyuzi 32, ndani ya kuta za mawe zisizo na kivuli, na kusimama kila adhana.

Ndiyo maana tunajaribu kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Bendi itakayopiga mwisho hujaribiwa kwanza, na itakayofungua usiku hujaribiwa mwisho, kisha vyombo vyake vinaachwa hapohapo, havisogezwi hata kwa kufagia. Taarab iwekwe kufungua. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70. Ukiiweka juani saa 9 mchana, ukaiondoa, ukairudisha saa 4 usiku chini ya taa za moto na unyevu wa bahari, mpigaji atahitaji robo saa kuirekebisha mbele ya watu wanaopiga miluzi. Mikisa ya siku hizi, yaani mashine ya kuchanganya sauti, inahifadhi mipangilio ya kila bendi, ni kweli, lakini haihifadhi mahali maiki iliposimama. Maiki ikisogea kiganja kimoja kutoka kwenye tundu la udi, mipangilio uliyohifadhi haina maana.

Usiku jukwaa kuu linasaidiwa na lile la ukumbi wa ngazi ndani ya Ngome: bendi moja ikipiga huku, nyingine inafungwa waya kule. Bila utaratibu huo kungekuwa na kimya cha nusu saa kila baada ya onyesho. Mtazamaji hushukuru bendi, na ni haki yake, lakini usiku ukienda vizuri ni kwa sababu ya karatasi mbili alizotuma meneja wa bendi wiki 3 kabla: mchoro wa jukwaa unaoonyesha nani anasimama wapi, na orodha ya maiki. Vikundi vyetu vya hapa ndivyo vinavyokosa karatasi hizi mara nyingi. Kiongozi anasema "sisi tuko kumi", wanafika 14, na wanne wa ziada wanagawana maiki 2. Kisha inasemwa fundi anapendelea wageni. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha vijana tangu 2002, na kitafanya vyema kikifundisha pia kuandika karatasi hizo. Ni kazi ya mchana mmoja.

Na viko vitu ambavyo CD haiwezi kuviiga. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa akipiga ngoma ya unyago akiwa ameifunga kiunoni, anatembea nayo, anainama, anageuka. Maiki ya kusimama haifai hapo. Inatakiwa ndogo ya kubana kwenye ukingo wa ngoma, na fundi mwenye kidole juu ya mikisa muda wote, la sivyo ngoma inapokaribia spika inapiga mluzi. Ukiondoa muziki wa papo kwa papo unaliondolea tamasha sababu ya mtu kusafiri. Nyota akiimba na CD anapatikana Dar kila Jumamosi. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905, kikiwa jukwaani kimekamilika, kodiani na fidla zote, hakipatikani Jumamosi yoyote uitakayo.

Gharama nyingine isiyoonekana ni umeme. Wenye umri wanakumbuka Disemba 2009, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa gizani hadi Machi 2010. Tamasha la Februari 2010 lilifanyika katikati ya giza hilo, kwa jenereta. Waya mkubwa zaidi uliozinduliwa 2013 umepunguza adha, lakini hakuna fundi mwenye akili anayefunga jukwaa bila jenereta mbili. Mbili, kwa sababu taa na sauti haziishi pamoja: vipunguza mwanga vya taa vinaingiza mvumo kwenye spika, na mtu akiwasha majiko ya chipsi kwenye waya huohuo, mikisa inazima. Jenereta ya kVA 60 kwa nusu mzigo inakunywa dizeli lita 7 hadi 9 kwa saa. Saa 9 za onyesho peke yake ni lita 70 na ushee, kwa jenereta moja, kwa siku moja. Ongeza kutu. Upepo wa bahari unakula ncha za waya kwa wiki moja tu, na waya ukianza kukwaruza katikati ya onyesho, watu wanageuka kumtazama fundi.

Hoja ya tatu, kuhamia Amaan. Naelewa kinachowasukuma watu: uwanja umekarabatiwa, ni mkubwa, maegesho yapo. Lakini uwanja wa mpira una kawaida ya kumeza sauti na watu. Watu 3,000 Amaan wataonekana kama hawajafika. Watu haohao Ngome Kongwe ni shamrashamra. Kuta zile, walizojenga Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatimua Wareno, zinawakusanya. Unatoka lango moja, umevuka barabara, uko Forodhani kwenye mishikaki na juisi ya miwa. Sauti ya besi inakufuata hadi ukutani mwa bahari, na watoto wasio na tiketi wanacheza palepale kwenye nyasi kwa muziki wa bure. Ndiyo maana jukwaa la Forodhani la mchana lisilo na kiingilio ni la lazima, na likipunguzwa kwa ajili ya kubana matumizi, litakuwa limekatwa tawi ambalo wenyeji wamekalia.

Nakiri Ngome ina ugumu wake wa kisauti. Kwenye joto letu sauti inakwenda kama mita 350 kwa sekunde. Pigo la ngoma linalokwenda ukuta wa nyuma na kurudi, likizunguka mita 35 za ziada, linamfikia msikilizaji sehemu ya kumi ya sekunde baada ya lile la kwanza. Sikio linasikia ngoma mbili. Kosa la kawaida la fundi mgeni ni kuongeza sauti ili "kuufunika" mwangwi, na ukuta nao unajibu kwa nguvu ileile. Dawa ni kuning'iniza spika juu na kuziinamisha ziwapige watu vichwani badala ya mawe, kuweka spika ndogo za kusaidia katikati ya uwanja zilizocheleweshwa kwa kiasi cha umbali wake, na kushusha sauti. Mavazi na miili ya watu inafyonza mwangwi, kwa hiyo Ngome tupu ya saundi cheki siku zote inasikika vibaya kuliko Ngome iliyojaa. Fundi asiyelijua hilo anahangaika mchana kutwa kurekebisha kitu ambacho saa 3 usiku kitajirekebisha chenyewe.

Hofu yenye uzito kuhusu Ngome ni milango. Hapa nadhani wakosoaji wangebana zaidi. Kanuni inayotumika kwenye viwanja vya Uingereza inakadiria watu 82 kwa dakika kwa kila mita 1 ya upana wa njia tambarare, na inataka uwanja uweze kutoka watu ndani ya dakika 8. Ikiwa milango iliyo wazi ina jumla ya mita 4, dakika 8 zitatoa watu 2,600 hivi. Waliozidi hapo hawana njia. Hesabu hiyo inabidi ifanywe kwa milango iliyo wazi kweli saa 5 usiku, siyo iliyochorwa kwenye ramani, maana mlango wa nyuma wenye meza ya kuuzia soda si mlango. Jirani pale Beit al-Ajaib sehemu ya jengo ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua. Tamasha la Februari 2021 lilifanyika chini ya miezi 2 baadaye, ubavuni mwake. Majengo ya Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu 2000, yana umri, na waandaaji, Zimamoto na Mamlaka ya Mji Mkongwe watangaze hadharani idadi ya juu ya watu watakaoingia. Tiketi zikifika hapo, mlango ufungwe, hata kama ni mtoto wa mheshimiwa aliyeko nje.

Vyoo navyo. Kwa tukio la saa 6 au zaidi, mwongozo mwingine wa Waingereza, wa matamasha, ulikuwa ukitaka choo 1 kwa kila wanawake 100. Pita Ngome saa 4 usiku utazame foleni ya kina mama, kisha uniambie tuko wapi.

Kuhusu fedha kwa jumla, watu wanadhani tamasha linalojulikana dunia nzima lazima liwe na mali. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Ubalozi wa Norway, uliobeba mzigo mkubwa kwa zaidi ya miaka 10, ulimaliza ufadhili wake 2022, na waandaaji wakalazimika kusema wazi kuwa hawana uhakika wa kesho. Hata WOMAD ya Uingereza, mkongwe wa matamasha ya aina hii, iliingia kwenye madeni mazito tamasha lake la kwanza mwaka 1982, na ikaokolewa na onyesho moja la hisani la Genesis na Peter Gabriel Oktoba mwaka huohuo. Sisi hatuna Genesis. Bendi ya watu 7 kutoka Bamako ni tiketi 7 za ndege kupitia Addis Ababa, vitanda 7, chakula, posho, viza, vibali vya Baraza la Sanaa, na mizigo ya ziada kwa ajili ya ala za kora na balafoni, ambayo ikiachwa Addis ina maana kundi limefika na halina cha kupiga. Kiingilio cha mwenyeji hakilipi hayo, wala hakikupangwa kulipa.

Nimalizie na kalenda, kwa sababu hili halingoji. Tamasha lilipoanza 2004, Ramadhani iliangukia Oktoba na Novemba, hakuna aliyehangaika. Sasa mwezi umerudi nyuma. Mwaka 2026 tamasha lilipangiwa tarehe 5 hadi 8 Februari na Ramadhani ikafuata siku chache baadaye. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo. Wiki ile ya mwisho ya Shaabani watu wako kwenye vunja jungu, na kubomoa jukwaa na kurudisha spika bandarini ni kazi ya siku 3 au 4, itakayoingia ndani ya mwezi. Mwaka 2028 inatarajiwa karibu tarehe 28 Januari. Nafasi iliyobaki ni kati ya sherehe za Mapinduzi za Januari 12 na mwandamo. Mwaka 2029 Ramadhani inakaa katikati ya Januari hadi katikati ya Februari, na njia ni kwenda baada ya Idi, mwishoni mwa Februari au wiki ya kwanza ya Machi, kabla masika hayajaanza kumwaga maji juu ya mikisa.

Tunaomba tarehe za miaka yote 3 zitangazwe pamoja, sasa. Meneja wa bendi anapanga safari mwaka mmoja mbele, mwenye nyumba ya wageni vilevile, na mwenye Coaster tunayemtaka akalale Malindi hadi saa 7 na robo usiku naye anataka kujua ni usiku upi.

Fundi wa jukwaa,
Mji Mkongwe, Unguja